Postikadi za Beit al-Ajaib kama Ushahidi wa Historia ya Mji Mkongwe

Miongoni mwa majengo ya pwani ya Afrika Mashariki yaliyopigwa sana picha za postikadi ni Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 ufukweni mwa Mji Mkongwe, Zanzibar. Kadi hizo ziliuzwa na studio za mjini, ikiwemo ya A. C. Gomes, na leo zimetawanyika katika makumbusho na mikononi mwa watu binafsi. Aghalabu huhesabiwa kuwa mapambo. Makala haya yanadai kwamba ni nyaraka, ilimradi zisomwe kwa utaratibu.

Kigezo cha kwanza ni mnara. Awali mnara wa taa ulisimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Manowari za Uingereza ziliposhambulia tarehe 27 Agosti 1896, mnara huo uliharibiwa, na Beit al-Hukm lililokuwa jirani likabomolewa. Katika ukarabati uliofuata, mnara wa saa ulishikanishwa na uso wa jumba. Hivyo, mahali pa mnara hutenganisha picha za kabla na za baada ya shambulio.

Kigezo cha pili ni mgongo wa kadi. Uingereza iliruhusu ujumbe kuandikwa upande wa anwani mwaka 1902, na Ujerumani mwaka 1905. Kabla ya hapo salamu zilibanwa kando ya picha. Muhuri wa posta, kwa upande wake, huonyesha siku ya kutumwa tu, kwani picha ya zamani iliweza kuuzwa kwa miaka mingi.

Kigezo cha tatu ni jina. Maelezo ya Kiingereza yanayotaja "kasri la Sultani" tu hayalitofautishi jumba hili na Beit al-Sahel. Isitoshe, tangu 1911 jumba liligeuzwa ofisi za serikali. Anayetafuta kwa jina linalotumiwa na wenyeji hataifikia kadi iliyoorodheshwa hivyo.

Udhaifu huo una gharama. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba, pamoja na mnara, iliporomoka na kuua watu wawili. Ujenzi mpya wa nguzo na roshani zake unahitaji picha zenye tarehe za kuaminika. Inapendekezwa, basi, kwamba taasisi za kumbukumbu za ukanda huu ziorodheshe kila kadi kwa Kiswahili, kwa majina yote ya jengo, na zitenganishe tarehe tatu: ya kupigwa picha, ya kuchapishwa na ya kutumwa.