Ususi, Ufumaji, Ufinyanzi, Uchongaji: Kuna Nini Nyuma ya Orodha Tunayoikariri?

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeanza somo la utangulizi wa fasihi hukutana na orodha ile ile. Mwalimu huuliza sanaa ni nini, kisha huandika ubaoni matawi yake: ususi, ufumaji, ufinyanzi, uchongaji, utarizi, uchoraji, muziki, maonyesho na, mwisho kabisa, fasihi. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani huirudisha orodha kama walivyoipokea. Baada ya hapo tunaingia katika riwaya na ushairi, na wale wasusi na wafinyanzi hatuwasikii tena hadi mwaka unaofuata.

Tulitambua upungufu huu tulipowapeleka wanafunzi wetu katika makumbusho ya Huye, ambako vyungu, vikapu, mikeka na nyumba ya asili vimehifadhiwa vizuri. Tuliwaomba waeleze kwa Kiswahili namna kila kitu kilivyofanywa. Chungu "kimetengenezwa". Kikapu "kimetengenezwa". Nyumba nayo "imetengenezwa". Hawakukosea sarufi, lakini vitenzi vyote vilivyomo ndani ya ile orodha vilikuwa vimewapotea. Katika makala haya tunapenda kuvirudisha, pamoja na historia yake kidogo, kwa sababu historia hiyo haiko pwani tu. Sehemu yake iko hapa kwetu Rwanda.

Tuanze na udongo. Kitenzi ni kufinyanga, nacho kimekaa jirani na kufinya, yaani kubana kwa vidole. Mfinyanzi wa asili hatumii gurudumu. Huchimba udongo, huuloweka, huuponda na kuuchanganya na mchanga au vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Kisha hukiinua chungu kwa mkono, hukilainisha kwa kokoto au kwa ganda, hukichora chale kikiwa kibichi bado, hukianika kivulini, na mwishowe hukichoma kwa kuni na majani mahali pa wazi.

Zile chale ndizo zilizobadilisha historia ya pwani. Kwa muda mrefu wataalamu wa kigeni waliamini kwamba miji ya Waswahili ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Wachimbuaji walipofika katika tabaka za chini, walikuta kwa wingi vigae vya vyungu vya kienyeji vyenye pembetatu zilizochorwa, vya takriban karne ya 7 hadi ya 10, kutoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji, na vingine bara, mbali na bahari. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Tanzania ni miongoni mwa waliovishughulikia sana katika miaka ya 1990. Waliovifinyanga ni wenyeji.

Nasi tunavyo vyetu. Vyungu vya kale vya eneo la Maziwa Makuu, vinavyoitwa vya Urewe kwa jina la mahali fulani magharibi mwa Kenya, vimepatikana Rwanda pia. Mary Leakey na wenzake walipoviandikia mwaka 1948, walivitambulisha kwa kijishimo kilichoko kitakoni, kama kwamba mfinyanzi alibonyeza kidole kabla ya kukiweka chungu juani. Mwanafunzi anayetafuta maana ya kufinya anaweza kuiona pale.

Hapa pana jambo la kuwafurahisha wanaoanza isimu linganishi. Kinyarwanda husema kubumba, na mfinyanzi ni umubumbyi. Je, Kiswahili kimelipoteza neno hili? La. Linganisha kubona na kuona: pale Kinyarwanda kilipobakiza b, Kiswahili kimeidondosha. Basi kubumba ni kuumba. Kitenzi cha mfinyanzi kilipanda daraja kikawa cha Mwenyezi Mungu, Muumba, na fundi wa vyungu akabaki na kufinyanga.

Tukija kwenye majani na nyuzi, ndipo makosa ya wanafunzi yanapoongezeka, maana kusuka na kufuma huchanganywa kila siku. Kusuka ni kupitisha kwa vidole, kama tusukavyo nywele. Msusi wa mkeka wa pwani huchuma makuti machanga ya mkindu, huyaanika, huyachana, hutia rangi baadhi yake kwa kuyachemsha, kisha husuka ukanda mrefu mwembamba uitwao ukili. Mkeka wenyewe hausukwi mzima. Kili hushonwa ubavu kwa ubavu. Zipo pia mikeka ya majani magumu zaidi, nayo huitwa majamvi.

Kufuma kunahitaji chombo: kitanda cha mfumi. Nyuzi zinazotandwa kwa urefu ni mtande, na uzi unaopita katikati yake kwa upana ni mshindio. Tukiwauliza wanafunzi wetu, hata wale waliozaliwa na kulelewa katika Kiswahili, ni wachache waliowahi kuyasikia maneno haya mawili. Yamebaki katika kamusi kwa sababu kazi yenyewe imekwisha. Ilikuwa kazi kubwa. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kuhusu nguo zilizofumwa pale na kupelekwa hadi Misri. Kilwa na Shanga wachimbuaji wamepata vijiwe vya kusokotea uzi wa pamba, vingine vikiwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa duara na kutobolewa katikati. Tazama jinsi ufundi mmoja ulivyoulisha mwingine.

Mreno Duarte Barbosa, akiandika mwanzoni mwa karne ya 16, anasimulia kwamba Waislamu wa Sofala walifuma pamba nyeupe lakini hawakujua kuitia rangi. Basi walichukua vitambaa vya rangi vilivyoletwa kutoka India, wakavifumua uzi kwa uzi, wakazifuma upya nyuzi zile pamoja na nyeupe zao. Kisa hiki tunakitumia sana darasani tunapofundisha kauli ya kutendua. Fuma, fumua. Ezeka, ezua. Tanda, tandua. Lakini chonga haina mwenzake wa kurudisha gogo, na finyanga haina wa kurudisha udongo baada ya chungu kupita motoni. Kinachobaki ni kigae. Na ajabu ndogo: nywele husukwa, lakini siku ya kuzifungua tunasema tunazifumua. Kwa Mnyarwanda jambo hili si geni. Kuboha ni kusuka na pia ni kufunga. Kubohora ni kufungua, ndiyo maana siku yetu ya tarehe 4 Julai huitwa Kwibohora.

Wafumi wa pwani walizidiwa katika karne ya 19. Baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani aliyetawala Zanzibar, meli za Salem zilileta nguo nyeupe ya bei rahisi ambayo watu waliiita merikani, na misafara ikaifikisha mbali bara. Kitanda cha mfumi hakikuweza kushindana nayo. Kitenzi kiliponea kwa kubadili kazi: leo watu hufuma sweta na vitambaa vya meza kwa sindano. (Impuzu yetu, inayopondwa kutoka ganda la umuvumu, haimo katika kusuka wala kufuma. Hiyo huondolewa mtini na kugongwa hadi ilainike.)

Uchongaji hautahitaji maneno mengi, isipokuwa onyo moja. Kuchonga ni kuondoa: kwa tezo, kwa patasi, kwa kisu. Hivyo ndivyo zilivyopatikana milango ya nakshi ya Lamu na Zanzibar na vinyago vya mpingo vya Wamakonde. Hata msasa wa viwandani umeazima jina la mti wa msasa, ambao majani yake yana ukwaruzo na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Lakini si kila sanamu huchongwa. Ya udongo hufinyangwa, na ya shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu husubiwa. Vitabu vya sanaa vinavyotafsiri kazi zote za sanamu kwa neno uchongaji vinatuvurugia mambo matatu kwa mpigo.

Kuna ufundi mmoja ambao orodha yetu imeusahau kabisa, nao ndio ulioacha alama kubwa kuliko zote: uashi. Kitenzi chake ni kuaka, kujenga kwa mawe na chokaa, na kinafanana sana na kubaka kwa Kinyarwanda. Mtendaji ni mwashi, kama vile pika inavyotoa mpishi na andika mwandishi. Tukumbuke kwamba majina ya aina hii ni ya kale. Siku hizi tunaunda zaidi kwa -aji. Msusi, mfinyanzi na mwashi wametoka kwenye kiambishi cha zamani, na umbo la majina yao ni ushahidi kwamba kazi hizi hazikuanza jana.

Waashi wa Kilwa walijenga jumba la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Kwa kuta walitumia mawe magumu ya pwani. Kwa fremu za milango na mapambo walikata matumbawe baharini, ambayo yakiwa mabichi huchongeka kwa urahisi na yakikauka huwa magumu. Matumbawe hayo hayo, yakichomwa juu ya rundo la magogo, hutoa chokaa, ambayo humwagiwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko hauzidi urefu fulani, vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 tu. Mti uliamua umbo la chumba. Juu ya boriti hupangwa mawe, hutiwa chokaa, na watu wengi hupigilia kwa vijiti mpaka iwe ngumu. Hiyo ndiyo sakafu. Kwa Kiarabu neno hili ni paa. Kwa Kiswahili tunalikanyaga, kwani paa la ghorofa ya chini ndilo sakafu ya ghorofa ya juu.

Baada ya safari ya Huye tulibadilisha zoezi la muhula wa kwanza. Kila mwanafunzi sasa huleta kitu kimoja kutoka nyumbani na kueleza hatua za kukifanya bila kutumia kitenzi kutengeneza hata mara moja. Vyungu havikuleta ubishi. Agaseke ilileta. Wapo walioandika kwamba imefumwa, wengine kwamba imesukwa, na mmoja aliyeangalia kazi ya mama yake kwa makini aliandika kwamba imeshonwa, kwa sababu mshipi wa majani huzungushwa na kila mzunguko kukazwa kwa sindano kwenye uliotangulia. Tulijadiliana wenyewe kwa wenyewe karibu saa nzima. Kusuka ndilo neno la watu wengi, na kushona ndiyo kazi inayoonekana mkononi. Majibu hayo mawili tuliyapa alama kamili, na kufuma tukalikata.