Ukungu wa buluu ulioanza kwenye majani

Milima ya Blue Ridge ya Marekani na ile ya Blue Mountains, nje kidogo ya Sydney, Australia, ilipewa majina hayo kwa sababu ya ukungu wa buluu unaoitanda, hasa siku za joto. Ukungu huo hauloweshi nguo, wala hakuna moto uliowashwa. Unatoka wapi?

Mwaka 1960 Frits Went, mtaalamu wa mimea mwenye asili ya Uholanzi aliyekuwa akiongoza Bustani ya Mimea ya Missouri, alijibu katika jarida la Nature: unatoka kwenye miti. Jani la mkaratusi ukilipekecha viganjani, harufu kali inayokupanda puani ni mvuke wa terpini. Misitu huutoa mchana kutwa. Ukikutana na jua na ozoni hubadilika, ukagandamana kuwa chembe ndogo mno zinazotawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine.

Kabla yake, huko Tbilisi, Guivi Sanadze alikwisha kugundua kwamba majani hutoa pia mvuke mwingine, isoprini. Makadirio ya baadaye yanaiweka kwenye tani milioni 500 hivi kwa mwaka, duniani kote.

Kisha siasa ikaingia. Katika kampeni za urais za 1980 Ronald Reagan aliibebesha miti sehemu kubwa ya lawama za uchafuzi wa hewa. Wapinzani wakatundika bango mtini: nikateni kabla sijaua tena. Kicheko kilistahili, ingawa Reagan hakubuni yote. Mvuke wa miti huchangia kweli ozoni chafu ya mijini, ila huhitaji oksidi za nitrojeni, na hizo kwa wingi hutoka kwenye mabomba ya moshi ya magari.

Utafiti wenye uzito zaidi ulifanyika Finland. Katika msitu wa misonobari wa Hyytiälä, tangu 1996, kundi la Markku Kulmala limekuwa likihesabu chembe zinazozaliwa hewani na kukua hadi mvuke wa maji uweze kuzishika. Bila chembe za namna hiyo wingu halifanyiki. Zikiwa nyingi, wingu hupata matone mengi madogo, huwa jeupe zaidi na kurudisha jua lilikotoka.

Mwaka 2016 wanasayansi wa maabara ya CERN, Geneva, walionyesha ndani ya tangi lao kwamba mvuke wa misonobari huweza kuzaa chembe bila msaada wa asidi ya salfa, ambayo leo hutokana zaidi na moshi wa viwanda na ilidhaniwa ni lazima. Maana yake ni nzito: huenda anga la kabla ya viwanda lilikuwa na chembe nyingi kuliko tulivyokadiria, na moshi wa viwanda umeipoza dunia kidogo kuliko tulivyoamini.

Misitu nayo hupoza, na joto likizidi hutoa mvuke zaidi. Lakini anayeitegemea ifute joto lote la hewa ukaa tunayoimwaga angani amekosea hesabu.