Kutoka Mtu ni Afya hadi Kipimo cha Presha: Historia ya Elimu ya Afya kwa Umma Tanzania

Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania Bara mwaka 1973, inahesabiwa miongoni mwa juhudi kubwa za elimu ya afya kwa watu wazima zilizowahi kufanyika barani Afrika, na haikupata nafasi hiyo kwa wingi wa washiriki wake peke yake, bali pia kwa sababu iliunganisha maarifa na kazi ambayo kila kikundi kilitakiwa kuifanya baada ya kujifunza. Muungano huo ndio unaostahili kuchunguzwa leo, wakati mzigo wa magonjwa umebadilika, na shinikizo la damu, kisukari na saratani vimekuwa miongoni mwa matatizo makuu ya afya ya Watanzania. Magonjwa hayo huitwa magonjwa sugu, yaani yale yanayodumu mwilini kwa miaka mingi na kuhitaji matunzo ya kudumu, na mengi kati yake huanza kimyakimya, mgonjwa asijue kwamba anaumwa mpaka madhara yawe yameshatokea.

Chini ya utawala wa kikoloni, idara za tiba za Afrika Mashariki zilielekeza nguvu zao katika magonjwa ya kuambukiza kama malaria, malale, tauni na ndui, na madaktari wengi waliamini kwamba maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu yalikuwa nadra sana kwa Waafrika. Imani hiyo ilikuwa na msingi katika vipimo vya wakati ule, kwa kuwa mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha matokeo ya kupima presha za wakazi wa kusini-magharibi mwa Kenya, akaonyesha kwamba presha zao hazikupanda kwa umri kama zilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Hata hivyo, kile kilichokuwa kweli katika vijiji vya miaka ya 1920 kiliendelea kushikiliwa muda mrefu baada ya maisha ya watu kubadilika, na kwa sababu hiyo huduma za afya zilijengwa kwa namna ya kumpokea mgonjwa anayekuja na homa au jeraha, si kumtafuta mtu anayejiona mzima.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania iliweka elimu ya watu wazima katikati ya siasa yake ya maendeleo vijijini, na Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikwisha kujaribu njia ya vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni za Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, na Wakati wa Furaha, iliyoadhimisha miaka kumi ya Uhuru mwaka 1971, kwa hiyo Mtu ni Afya ilipoanza tayari kulikuwa na uzoefu wa kutosha kuhusu nini kinafaa na nini hakifai. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa ngazi kwa ngazi, yaani wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, na hao wakawafundisha viongozi wa vikundi, na inakadiriwa kwamba watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki.

Utaratibu wa kikundi ulikuwa rahisi, na urahisi huo ulikuwa sehemu kubwa ya nguvu yake. Kila wiki wanakikundi walikusanyika kusikiliza kipindi cha redio, wakasoma kwa pamoja sehemu ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi kinachoweza kufuatwa na mtu aliyejifunza kusoma siku za karibuni, wakajadiliana jinsi malaria, kichocho, minyoo ya safura, kifua kikuu au kuhara kulivyojitokeza katika kijiji chao, na mwisho wakaamua hatua ya kuchukua. Hatua hizo zilikuwa kuchimba vyoo, kufyeka vichaka karibu na nyumba, kufukia madimbwi na kusafisha visima, mambo ambayo yaliwezekana kwa jembe na nguvu za wanakikundi wenyewe, bila kusubiri dawa wala mtaalamu. Elimu ilitolewa, na njia ya kuitekeleza ilikuwepo papo hapo.

Wakati mafanikio hayo yakisimuliwa, sura ya magonjwa ilikuwa inabadilika. Utafiti ulioongozwa na Donald McLarty na kuchapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba katika vijiji sita vya Tanzania kisukari kiliwapata watu wazima chini ya asilimia 1, lakini utafiti uliofuata katika miaka ya 1990 ulikuta kwamba katika mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, kiwango kilikaribia asilimia 6, mara kadhaa ya kile cha kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Nchini Kenya, Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, wakaona mwaka 1990 kwamba presha zao zilipanda ndani ya miezi michache tu baada ya kufika mjini, jambo walilolihusisha na mabadiliko ya chakula, hasa kuongezeka kwa chumvi. Mradi wa kuchunguza sababu za vifo vya watu wazima, ulioanza mwaka 1992 katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro, nao ulibaini kwamba vifo vitokanavyo na kiharusi, yaani kupooza kunakosababishwa na kuziba au kupasuka kwa mshipa wa damu katika ubongo, vilikuwa vingi kuliko vya Uingereza baada ya kuzingatia tofauti za umri.

Lililo zito zaidi ni kwamba tatizo la presha halikuwa la mijini peke yake. Ilala na Shari zote zilikuwa na watu wazima wapatao asilimia 30 wenye shinikizo la juu la damu, na miongoni mwao chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyejua hali yake, takriban mmoja kati ya kumi alipata tiba, na chini ya mmoja kati ya mia alikuwa na presha iliyodhibitiwa. Takwimu hizo zinaonyesha mapungufu mawili tofauti, yaani kutojulikana kwa ugonjwa na kutofuatiliwa kwa mgonjwa baada ya kujulikana, na hakuna kampeni inayoweza kuliondoa la pili kwa kuhubiri la kwanza tu.

Hapa ndipo uchunguzi wa awali unapoingia, yaani kumpima mtu asiye na dalili ili ugonjwa ugunduliwe mapema. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni za Wilson na Jungner, ambazo zinataka, pamoja na mambo mengine, kwamba ugonjwa unaotafutwa uwe na tiba inayokubalika, na kwamba huduma za kuuthibitisha na kuutibu ziwepo. Tanzania ina mfano mzuri wa kanuni hizo katika saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, ilifanywa taasisi ya saratani mwaka 1996, na kwa miaka mingi wagonjwa wengi waliifikia ugonjwa ukiwa umeenea, wakati ambapo tiba huweza kupunguza maumivu zaidi kuliko kuponya. Kipimo cha kupaka asidi ya siki kwenye mlango wa kizazi, ambapo sehemu yenye dalili za awali huonekana nyeupe baada ya muda mfupi, kiliwezesha muuguzi aliyefunzwa kuchunguza bila maabara, na mara nyingi kutibu siku hiyohiyo. Mwaka 2018 iliongezwa chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hiyo, iliyoanza kwa wasichana wa miaka 14.

Tofauti ya msingi kati ya kampeni ya 1973 na juhudi za leo ni kwamba choo kikishachimbwa huwa kimechimbwa, ilhali mwenye presha au kisukari anahitaji dawa, vipimo na ushauri kila mwezi kwa maisha yake yote, na gharama za matunzo hayo zilizidi kuwaelemea wananchi baada ya uchangiaji wa huduma za afya kuanza mwaka 1993. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulipoonyesha kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 kisukari, ilikuwa wazi kwamba, kwa watu wengi hivyo wanaohitaji matunzo ya kudumu, kupima mara moja katika viwanja vya maadhimisho, kisha kumwacha mtu aende nyumbani na karatasi ya majibu, hakutoshi.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Watanzania walishathibitisha kwamba wanaweza kujifunza kwa mamilioni na kutenda kwa pamoja pale elimu inapoambatana na uwezo wa kutenda, kwa hiyo kila zahanati ya kijiji inayowahimiza watu kupima inapaswa kuwa na mashine inayofanya kazi, dawa zisizokatika na daftari la kumfuatilia kila aliyegundulika. Kwa upande wake, kila mtu mzima, ajione mzima kiasi gani, anawajibika kupima presha na sukari angali na nguvu, na kuwahimiza jamaa zake wafanye vivyo hivyo, kwa sababu magonjwa haya hayapigi hodi.