Ghorofa Tano Zisizokuwapo Njinjo

Mashindano ya ukakamavu wa askari wa zimamoto, yale maarufu zaidi duniani, hayakuzaliwa uwanjani. Yalizaliwa katika utafiti. Katikati ya miaka ya 1970 Paul Davis wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliwapima wazimamoto wa maeneo ya Washington ili ajue kazi yao inaudai mwili nini hasa. Mwaka 1991 kipimo kikawa mashindano. Mshindani huvaa gwanda lote pamoja na mtungi wa hewa, akapanda mnara wa ghorofa tano na furushi la mipira ya maji la kilo 19 begani. Akifika juu hupandisha furushi jingine kwa kamba. Akishuka hugonga kwa nyundo, hukokota mpira uliojaa maji, kisha humburura kinyumenyume mwanasesere wa kilo 79 kwa mita 30 hivi. Wanaoongoza humaliza yote haya chini ya dakika moja na nusu, na si ajabu mtu akivuka mstari akaanguka palepale.

Ukiyatazama vizuri, kila kituo hapo kinausimulia mji. Ngazi zipo kwa kuwa maghorofa yapo, na mpira una maji kwa kuwa barabarani kuna bomba la kuunganishia. Warusi walishatangulia: mashindano yao yaliyoanza Moscow mwaka 1937 yalikuja kujulikana kwa ngazi ya ndoano, ambayo askari huiangika dirishani na kupanda ghorofa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mashindano ya aina hii ni picha ya moto wa mahali fulani, na anayeyachukua mazimamazima huuchukua na moto wa watu wengine.

Njinjo, wilayani Kilwa, bara ya Nangurukuru, haina ghorofa tano. Moto wake ni wa msituni. Nyasi zikishakauka, kuanzia Julai hivi hadi mvua zirudi, cheche ya mtayarisha shamba, mrina asali au mwindaji inatosha. Moto huo haungoji gari: watu huufuata kwa miguu, huupiga kwa matawi mabichi, na wengine hutangulia mbele yake na majembe na mapanga kusafisha njia ambayo moto hauwezi kuivuka. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio mbaya zaidi, maana huua miche ya mpingo na kuuharibu mti mkubwa kwa ndani. Ndiyo sababu shirika la MCDI la Kilwa Masoko limevisaidia vijiji kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Katika wilaya hii vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na msitu wa namna hiyo ni mali ya kijiji, si pori la bure. Dakika moja na nusu haiwezi kuipima kazi ya kuuzima moto wa msituni. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliwatoa jasho mamia ya watu kwa siku nyingi.

Kipimo kinachokaribia mazingira yetu ni cha wazimamoto wa misitu wa Marekani, kilichobuniwa miaka ya 1990: kutembea kilomita 4.8 na mzigo wa kilo 20 kwa dakika 45, na kukimbia ni marufuku. Hakivutii watazamaji, nakiri.

Basi Njinjo ijitungie mashindano yake. Atakayesema tununue magari ya zimamoto kwanza, michezo baadaye, ana nusu ya haki. Sheria ya mwaka 2007 ililipa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji jukumu la nchi nzima, lakini vituo vyake viko zaidi mijini, na gari haliingii ndani ya miombo. Mto Matandu wa huku Kilwa ulipofurika Januari 2020, njia zenyewe zilikuwa chini ya maji. Aliyeokoa alikuwa jirani. Mwingine ataonya kwamba mashindano huua, na hoja yake ni nzito: Marekani karibu nusu ya wazimamoto wanaofia kazini huuawa na moyo. Basi wapimwe kabla, kama Davis alivyoanza.

Hoja ngumu kuliko zote ni kwamba mkulima wa Njinjo ana nguvu tayari. Kweli anazo. Ila moto wa nyika hauzimwi na mwenye nguvu mmoja; huzimwa na mstari wa watu, na mmoja akichoka moto hupenya kwenye pengo lake. Mashindano ya huku yangefaa yafanyike Juni, kwa makundi ya wanaume na wanawake wa kijiji kimoja, kwa mwendo mrefu, jembe na tawi, na saa isimamishwe anapofika wa mwisho.