Kutoka Huruma hadi Lang'ata: Njia ya Jumuiya na Chuo

Desemba 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi kupanga Kanisa lao litakavyokuwa miaka ya 1980. Walikubaliana kwamba parokia kubwa yenye padre mmoja na waumini maelfu haitoshi. Mkristo awe na watu anaowajua kwa majina, wanaokaa naye mtaa mmoja, wanaosoma Injili pamoja na kuchangiana kunapotokea msiba. Mwaka 1976 wakakutana tena Nairobi wakalitilia mkazo jambo hilo hilo. Kisha, mwaka 1984, muungano wa maaskofu hao hao, AMECEA, ukafungua Lang'ata taasisi ya juu ya teolojia, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, CUEA.

Kwa hiyo jumuiya ndogo ndogo hizo za majirani na chuo hicho ni watoto wa mama mmoja. Mmoja analelewa kwetu Huruma, mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ghorofa ya nne, katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Mwingine ana lango, mlinzi na nyasi zinazokatwa kila mara. Nilitaka kwenda kumtazama huyu wa pili. Ningeweza kupanda matatu mbili nikafika, lakini niliona afadhali nifuate njia ambayo elimu ya Wakatoliki yenyewe ilipita kabla ya kufika huko, na njia hiyo ina kona nyingi.

Huruma haikuanza na maghorofa. Katika miaka ya 1970 ilikuwa mradi wa halmashauri ya jiji: unapewa ploti, maji na choo, nyumba unajijengea polepole kadiri mfuko unavyoruhusu. Mifuko iliyoruhusu zaidi haikuwa ya waliolengwa. Ploti zikauzwa, nyumba zikapanda juu, na leo ukisimama Juja Road unatazama ghorofa sita, saba, nane, nguo zikining'inia kutoka balkoni hadi balkoni hata jua halifiki chini. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo moja kando ya mto liliporomoka na watu wapatao 50 wakafa. Tangu hapo ukiingia nyumba mpya Huruma unatazama nguzo kwanza, kodi baadaye.

Ndani ya majengo haya ndimo linamoishi azimio la 1973. Jumuiya yetu ina somo wake Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Darfur aliyeuzwa utumwani na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Vifaa vyake ni mshumaa, Biblia, benchi la kuazima na daftari la mweka hazina, ambalo kwa maoni yangu ndilo kitabu kinachosomwa kwa makini kuliko vyote. Mwenye chumba huzima redio, watoto hupelekwa kwa jirani, na mjadala wa Injili huanza na kuishia kwenye bei ya unga. Nyakati nyingine masista wa Mama Teresa, ambao wana makao papa hapa mtaani, hupita wamevaa sari zao nyeupe zenye mistari ya bluu, na mjadala hutulia kidogo kwa heshima.

Kutoka hapo njia inashuka Juja Road, Mathare ikiwa ubavuni. Bonde lile lilichimbwa mawe yaliyojenga mji, na baada ya Operesheni Anvil iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilipofagia Nairobi ikiwatafuta Mau Mau, vibanda vya bondeni vilibomolewa. Mbele yake ni Pangani, ambako kijiji cha kale cha Waafrika kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Eastlands yote ina mazoea ya kuhamishwa. Anayetafuta majengo ya kale huku atachoka bure, kwa sababu mambo ya kale yamebaki kwa watu.

Isipokuwa Racecourse Road. Hapo limesimama kanisa la Mtakatifu Petro Claver, lililojengwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Wakatoliki Waafrika wakati ambapo hata kusali mjini kulikuwa na mipaka ya rangi. Claver alikuwa Mjesuiti aliyewahudumia watumwa waliokuwa wakishushwa melini Cartagena, Kolombia, katika karne ya 17. Sidhani jina hilo lilichaguliwa kwa bahati. Wamisionari waliolijenga walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, na kazi yao upande huu wa Afrika ilianza na watumwa.

Walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Unguja. Pale walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, kukawa na shule, karakana na mashamba. Ratiba ya siku ilikuwa asubuhi kitabu, baadaye jembe au randa. Wapo wanaoisifu Bagamoyo kama chimbuko la Kanisa la bara, na wapo wanaouliza mtoto aliyekombolewa alikuwa huru kiasi gani ikiwa hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Mimi naona pande zote mbili zina haki, na swali hilo la pili lilisafiri pamoja na wamisionari kila walikokwenda: elimu hii ni ya kumfungua mtu au ya kumfanya mfanyakazi mzuri?

Kutoka pwani walipanda hadi Bura, milima ya Taita, ambako kahawa ilipandwa mwaka 1893. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, nao walifika mwaka huo huo wakaanzisha misheni ya Mtakatifu Austin magharibi mwa mji, na miche ya kahawa ikaja nayo. Hadi leo wakulima na wataalamu wa kahawa wanaijua mbegu ya kale inayoitwa French Mission, na wengi wa wanaoikoroga kikombeni hawana habari kwamba inatokana na mapadre hao Wafaransa. Kahawa ikawa riziki ya misheni, na shule zikafuata.

Shule iliyobadilisha mambo ni Kabaa, iliyoanzishwa mwaka 1925 upande wa Machakos. Mwaka 1940 masomo ya juu yakahamishiwa Mang'u. Humo alipita Mwai Kibaki. Humo pia alipita Tom Mboya, mtoto wa mnyapara wa shamba la mkonge, aliyesoma Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u, hadi karo ikakatisha masomo yake. Akajifunza ukaguzi wa afya, akaajiriwa na halmashauri ya Nairobi, akaingia vyama vya wafanyakazi. Mtu aliyekatishwa shule na umaskini ndiye aliyekuja kupanga safari za ndege za wanafunzi kwenda Marekani. Ile ya kwanza, Septemba 1959, ilibeba vijana 81.

Kwa nini ndege? Kwa sababu huku nafasi zilikuwa chache mno. Makerere ilikuwepo, na chuo cha ufundi cha Nairobi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956, lakini milango ilikuwa miembamba. Wakatoliki wa kusini walikuwa na chuo chao Roma, Lesotho, tangu 1945, na wale wa Kongo walikuwa na Lovanium, Kinshasa, tangu 1954. Kanda yetu, yenye waumini wengi na seminari nyingi, haikuwa na kitu cha ngazi hiyo. Padre wa Kikenya au wa Kitanzania aliyetaka digrii ya juu ya teolojia alipanda ndege kwenda Ulaya, akajifunza kulieleza Kanisa la Afrika mbele ya maprofesa ambao wengi wao hawajawahi kuketi kwenye baraza la wazee.

Katikati ya jiji nilipita Holy Family. Jengo la sasa, kazi ya msanifu Dorothy Hughes, lilikamilika mwaka 1963, mwaka wa Uhuru. Lilipewa hadhi ya basilika mwaka 1982, ila wakazi wengi hukumbuka zaidi Julai 1969, mwili wa Mboya ulipoletwa humu baada ya kupigwa risasi tarehe 5. Kenyatta alipofika misani umati uliokuwa nje ulimzomea, na gesi ya machozi ikatanda hadi mlangoni. Nilikaa ndani kidogo. Kuna saruji nyingi na vioo vya rangi, na kwenye viti vya nyuma wamo wanaosali na wanaopumzisha miguu, na hakuna anayewabagua.

Lang'ata Road haihitaji maelezo marefu. Unapita Madaraka, ilipo Strathmore, iliyoanza Lavington mwaka 1961 kwa kuwachanganya wanafunzi wa rangi zote jambo hilo likiwa bado geni nchini, na ikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2008. Unapita uwanja wa ndege wa Wilson, makaburi, Bomas. Matatu za Rongai, 125 na 126, hupiga muziki hadi vioo vinatetemeka. Unashuka karibu na makutano ya Magadi Road, unafuata Bogani, na ghafla unasikia ndege wa mitini.

Mlangoni niliacha kitambulisho nikapewa kadi ya mgeni. Kitu cha kwanza kinachomgusa mtu wa Huruma si majengo, ni nafasi iliyo kati ya majengo. Ekari hizi zingetosha mitaa kadhaa ya kwetu. Njia zimepandwa miti, masista wa mashirika mbalimbali wanapishana na wasichana waliovalia jinzi, na mapadre wanafunzi wanabeba vikapu vya vitabu wakiongea Kiingereza chenye lafudhi za Malawi, Ethiopia na Zambia. Kauli mbiu imetoka Injili ya Yohana, sala ya Yesu kwamba wafuasi wake watakaswe katika kweli. Hapa ndipo masomo yalipoanzia Septemba 1984, teolojia peke yake, kwa ngazi ya waliokwisha kuhitimu.

Mwaka uliofuata ndio ulioniunganishia mambo. Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye wengi humwita shosho, alipojua ninakwenda alinitajia Agosti 1985. "Kijana wangu," aliniambia, "tulitoka Huruma kwa miguu kungali giza, kila mmoja na leso na chupa ya chai, hadi Uhuru Park." Lilikuwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, la 43, nalo lilikuwa limekuja Nairobi na mada yake ilikuwa familia ya Kikristo. Misa ya kufunga iliongozwa na Papa Yohane Paulo wa Pili, Jumapili tarehe 18. Shosho hakumwona, aliona kofia za waliokuwa mbele yake. Nilipomuuliza Papa alikwenda wapi baada ya pale, hakujua. Siku ile ile Papa alikwenda kuifungua rasmi taasisi ya Lang'ata. Mimi nilikuwa nimesoma tarehe hiyo mara nyingi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba waliorudi Huruma kwa miguu na waliompokea Papa huku walikuwa wamegawana siku moja.

Hati ya serikali ilitolewa Novemba 1992, na chuo kikazidi teolojia: biashara, sheria, ualimu, sayansi. Wapo wanaonung'unika kwamba roho yake ilipungua kwa kupanuka hivyo. Sikubaliani nao. Chuo cha mapadre pekee kingebaki kisiwa, ilhali mwalimu aliyefunzwa hapa anaweza kufundisha shule ya Kariobangi, jirani na Huruma, Jumatatu asubuhi. Karo ni suala jingine, na mzazi wa Eastlands hahitaji kuelezwa.

Mambo yaliyonikalisha zaidi yalikuwa maktabani, kwenye matoleo ya zamani ya AFER, jarida la teolojia lililoanza mwaka 1959 katika seminari ya Katigondo, Uganda. Baadaye lilishirikiana na taasisi ya kichungaji ya AMECEA iliyofunguliwa Gaba, kando ya Ziwa Viktoria karibu na Kampala, mwaka 1968. Pale mapadre, masista na walei wa nchi mbalimbali walijifunza utamaduni wa watu wao kama somo lenye uzito. Utawala wa Amin ulipozidi kuwa mkali, taasisi ilihama mwaka 1976 ikaenda Eldoret, jina la Gaba likabaki nayo, na baadaye ikawa sehemu ya chuo hiki. Katika kurasa zile za miaka ya 1970 nilikuta mabishano ambayo sisi bado tunayo chumbani kwetu: jumuiya iongozwe na nani, nani anachagua, fedha ziripotiwe kwa padre au kwa wanajumuiya, wanawake wanaofanya kazi yote watapata lini sauti. Walioandika walikuwa wasomi. Mweka hazina wetu, aliyeacha shule darasa la saba, angewapa majibu ya haraka zaidi, na mawili matatu yangekuwa bora kuliko yale yaliyochapishwa.

Jioni, kituoni, nilisimama na frateri kijana kutoka Malawi anayesoma teolojia papa hapa Lang'ata. Kila wikendi anatumwa Kariobangi, kwenye parokia ya Utatu Mtakatifu inayoongozwa na Wakomboni, kutembelea wagonjwa na kukaa na jumuiya. Kiswahili chake amekiokota huko na kimejaa Sheng kuliko changu. Nilimwambia ninarudi Huruma, kwa hiyo tutapita Juja Road pamoja.

"Juja Road saa hii? Zii, budaa," akasema. "Tukifika tao tupande za Thika Road, tushuke Allsops, halafu tushike Outer Ring. Saa moja unusu wananingoja, na leo mimi ndio nasoma Injili."

Makanga wa 125 akapiga bati, na frateri akawa wa kwanza kurukia mlangoni.