Kikomo cha Resi na Wakati wa Kupandisha Gia

Katika injini ya petroli, resi inapozidi, kinachoshindwa kwanza mara nyingi ni springi ya valvu. Kamshafti huisukuma valvu ifunguke, lakini kazi ya kuifunga imeachiwa springi. Mizunguko ya injini ikipita kiwango fulani springi huchelewa, valvu huelea bila kufuata kamu, nguvu hushuka ghafla, na kama nafasi ni finyu, valvu na pistoni hugongana. Historia ya kikomo cha resi, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kupambana na udhaifu huo.

Mwaka 1954 Mercedes-Benz iliamua kuondoa springi kabisa. Injini ya gari lake la mashindano, W196, yenye silinda nane na ujazo wa lita 2.5, ilikuwa na kamu ya kufungua valvu na nyingine ya kuifunga. Gari hilo lilimpa dereva Juan Manuel Fangio ubingwa wa dunia wa 1955 na sehemu kubwa ya ule wa 1954. Mfumo wenyewe ulikuwa ghali na mgumu kutengeneza, hivyo washindani wengi walibaki na springi hadi Renault ilipoleta valvu zinazorudishwa na gesi iliyoshindiliwa, mwaka 1986. Kwa njia hiyo kampuni ya injini ya Cosworth ilifikisha mizunguko 20,000 kwa dakika katika Formula 1 mwaka 2006. Tangu hapo kikomo kikawa cha sheria: FIA, shirikisho linalosimamia mashindano hayo, iliweka 19,000 mwaka 2007, kisha 18,000 mwaka 2009.

Magari ya barabarani yalibaki na springi, na mafundi wakatafuta njia nyingine. Mfano mzuri ni Chevrolet Camaro Z/28 ya 1967, iliyoundwa kwa ajili ya mashindano ya Trans-Am ambayo hayakuruhusu injini ya zaidi ya lita 5. Chevrolet ilichukua bloku yenye silinda pana, milimita 101.6, ikaiwekea krenkishafti yenye mwendo mfupi wa milimita 76.2. Ufupi huo ndio siri ya injini hiyo. Kasi ya wastani ya pistoni hupatikana kwa kuzidisha urefu wa mwendo mara mbili, kisha kwa mizunguko, na kugawanya kwa 60. Kwa mizunguko 7,000, pistoni ya Z/28 huenda karibu mita 18 kwa sekunde. Honda S2000 ya 1999, yenye mwendo wa milimita 84 na kikomo cha 9,000, hufika mita 25, kiwango kikubwa mno kwa gari la kuuzwa dukani.

Hatari haiongezeki sawasawa na mizunguko. Nguvu inayoivuta fimbo ya pistoni hukua kwa kipeo cha pili: kutoka 7,000 hadi 8,000 ni nyongeza ya karibu asilimia 30. Kwa hiyo kubadilisha kamshafti na springi peke yake, kisha kupandisha kikomo, ni kuhamishia mzigo kwenye fimbo na boliti zake ambazo hazikuguswa.

Ulinzi nao una historia yake. Zamani dereva alitegemea sikio, baadaye geji ya mizunguko. Magari ya mashindano yalifungwa geji yenye mshale wa pili uliobaki kwenye kiwango cha juu kilichofikiwa, na mkuu wa timu aliusoma gari liliporudi. Katika Lotus Elan, rota ya distribyuta ilikuwa na kipande kilichosukumwa nje na kasi kikakata moto karibu na 6,500. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya injini, kwa kukata mafuta au moto wa plagi.

Kikomo, hata hivyo, hakisemi gia ipandishwe lini. Jibu sahihi linatafutwa kwenye magurudumu: gia hupandishwa pale ambapo gia inayofuata itasukuma gari sawa au zaidi ya ile iliyopo. Katika S2000, uwiano wa gia ya pili ni 2.045 na wa tatu ni 1.481. Dereva akipandisha kwa 9,000, mizunguko hushuka hadi kama 6,500, ambako kamu kali za VTEC, mfumo wa Honda wa kubadili kamu mizunguko inapopanda, bado zinafanya kazi. Akipandisha mapema, kwa mfano 7,500, ataangukia kama 5,400, nje ya kamu hizo, na gari litalegea. Kati ya gia ya tano na ya sita pengo ni dogo, 9,000 hushuka hadi 7,500 tu, hivyo kuwahi kidogo hakuna hasara kubwa.

Injini yenye turbo ndogo ni kinyume chake: nguvu hufa mapema, na kuikamua hadi kikomo ni kupoteza muda. Ikiwekewa turbo kubwa, hesabu yote huanza upya, tena kwa kila gia peke yake. Kwa hiyo gari lililobadilishwa hupimwa nguvu kwenye mashine kabla ya kupangiwa mizunguko ya kupandisha gia. Alama nyekundu ya kiwandani kwenye geji ya mizunguko ilihusu injini kabla haijabadilishwa.

Kwenye gia za mkono, hakuna kompyuta inayozuia kosa la kurudisha gia. Dereva akitoka ya nne na kuingiza ya pili kwa bahati mbaya, magurudumu yenyewe huizungusha injini kupita kikomo, hata mafuta yakikatwa. Kompyuta za Porsche huhifadhi kumbukumbu ya matukio hayo kwa viwango, na wanunuzi wa magari yaliyotumika huomba kuisoma kabla ya kulipa.