Usiku Mmoja Barabara ya Harry Thuku

Tulikuwa watano, tuliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa miaka minne tuliiona Hoteli ya Norfolk ng'ambo ya barabara bila kuingia hata siku moja. Mwenzetu alipopata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Ghuba, tulichanga pesa, tukachukua vyumba viwili kwa usiku mmoja ili tumuage vizuri.

Tulipofika tuliombwa vitambulisho. "Toeni vipande," akatania mmoja wetu, tukacheka. Kitambulisho bado kinaitwa hivyo mitaani.

Jioni tulikaa kwenye baraza yenye jina la Lord Delamere, aliyekuwa kiongozi wa walowezi. Rafiki yetu aliyesomea historia akaurudia ule mzaha. Akatueleza kwamba zamani kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kiliandikwa jina la mwajiri na mshahara. Ukiacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi, wewe ni mtoro, na polisi watakukamata.

Harry Thuku, mpokea simu katika ofisi ya hazina ya serikali, alianza kuwaunganisha watu mwaka 1921. Walipinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi mashambani. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, akawekwa katika kituo cha polisi kilichokuwa jirani na hoteli hii.

Siku mbili baadaye maelfu walikusanyika nje ya kituo. Wajumbe wao walikwenda kuzungumza na wakubwa, wakarudi wakiwaambia watu waende nyumbani. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akajitokeza, akainua nguo yake, akawataka wanaume wampe suruali zao. Kwa Wagikuyu, hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Wengine walihesabu wengi zaidi. Masimulizi mengi yanasema walowezi waliokuwa barazani Norfolk nao walipiga risasi. Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

"Tuhame meza," akasema mmoja.

"Tuhame twende wapi?" akajibu mwingine. "Mwaka 1922 tungeingia hapa na trei mkononi. Leo tumelipa. Tukae."

Walibishana. Mimi nilikuwa nikimtazama yule msafiri, ambaye alikuwa amenyamaza muda mrefu. Hatimaye akauliza, "Yaani bila sahihi ya mwajiri huwezi kuondoka?"

Hakuna aliyemjibu. Sote tulijua kwamba kibali chake cha kuishi huko kingemtegemea mwajiri aliyemdhamini. Tulijua pia mkopo aliouchukua kumlipa wakala, na kwamba alikuwa ametafuta kazi Nairobi kwa miaka mitatu. Angesafiri tu.

Asubuhi tulipita chini ya kibao chenye jina la Thuku, tukaingia duka la fotokopi karibu na chuo. Akautoa mkataba wake kwenye bahasha.

"Nakala nne," akamwambia mwenye duka. "Kila mmoja abaki na yake."